Dada Ndiye Aliyejua Mpaka wa Kibanja

Mimi ni mwalimu wa uraia, na nikiwa mbele ya darasa huko Igurwa hakuna anayenishinda kwa kuhubiri usawa. Ibara za Katiba nazitaja kwa kichwa. Lakini siku tulipoanua matanga ya baba, nyumbani Nyakakika, nilikaa kwenye benchi la wanaume na Katiba yangu yote kichwani, nikanyamaza kama mgonjwa anayesubiri sindano.

Baba mkubwa, ambaye ndiye mkuu wa ukoo wetu, alitangaza kuwa kibanja chote, migomba na kahawa, ni changu. Dada yangu, aliyeachika akarudi kumuuguza baba na kupalilia migomba ile miaka yote, angeruhusiwa kula ndizi. Kuuza au kuwarithisha watoto wake, hapana. Na mimi nikimchoka, ningeweza kumwondoa.

Dada akasimama.

"Shikamoo, baba mkubwa. Huyu mwalimu wetu anafundisha kwamba Katiba inakataza kumbagua mtu kwa kuwa ni mwanamke."

"Marahaba, mwanangu. Inaikataza serikali. Sisi si serikali, sisi ni ukoo."

"Kwa hiyo serikali ikininyang'anya shamba ni uonevu, mdogo wangu akininyang'anya ni mila?"

Watu wakacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu. Nakiri, kibanja kile nilikitaka. Kahawa ilikuwa imebeba vizuri sana mwaka ule.

Tukatoka kwenda kupanda mlamula, ule mmea tunaouweka mipakani. Hapo ndipo wanaume tulipoumbuka. Baba mkubwa alisema mpaka unapita kwenye mgomba ulioinama. Migomba karibu yote ilikuwa imeinama. Mimi, mrithi, nikaonyesha upande kwa kujiamini kabisa na kuchimba shimo la kwanza. Jirani akajitokeza, akauliza kwa upole kama nahitaji msaada wa kuchimba shamba lake.

Ikabidi dada aitwe. Akaja bila haraka, akifuta mikono kwenye kitenge, akatangulia, nasi wazee kwa vijana tukamfuata kama ndama.

"Hapa. Na hapa. Jamani, msinikanyagie maharage." Kisha akageuka. "Baba mkubwa, mila inasemaje kuhusu mrithi asiyejua shamba lake linaishia wapi?"

Baba mkubwa mwenyewe alishindwa kujizuia, akacheka hadi akakohoa. Akasema basi, mrithi aamue. Aibu ilinipanda, nikajitia ukarimu.

"Dada, nitakupa nusu."

Nikangoja shukrani.

"Utanipa? Kwani ni yako?"

Safari hii hakuwa anatania. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na mimi nilijisikia mdogo kuliko siku zote nilizowahi kuwa mdogo wake.

Tuliporudi uani niliandika muhtasari wa kikao cha ukoo, ule unaopelekwa mahakamani. Niliandika kwamba marehemu ameacha watoto wawili, na wote wawili ni warithi sawa wa kibanja. Baba mkubwa aliusoma mara mbili, akaguna, akasaini. Wadogo zake na wazee wengine wa ukoo wakafuata, nami nikasaini, nikiwa nimejaa sifa zangu mwenyewe. Kisha nikampa dada kalamu. Akaitazama karatasi kutoka juu mpaka chini, akaniuliza yeye asaini wapi. Nilikuwa nimechora mistari ya wanaume tu.