Maji Yanayochemka Rubondo

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimefungua redio, inveta, mizani ya sokoni, hata mashine ya daktari ya kupimia presha, na vyote nilivirudisha vikiwa hai. Shule niliiacha darasa la nne, kule Fizi, Kongo. Ninyi vijana mnaojifunza ufundi kwenye simu, niambieni: nani kati yenu ametengeneza kipimajoto kwa mikono yake?

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Mbarara, Uganda, upande wa Kakiika, kwenye karakana ya mzee Mnyankole tuliyemwita Bosi. Nilitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na viatu vya kuazima. Bosi akanipa mita na betri. Nikapima, nikatangaza kwa sauti kubwa: volti tisa!

"Sebo," akasema polepole, yaani bwana kwa lugha yao, "na hiyo mita, nani aliipima?"

Nikaigeuza mita, nikaitazama nyuma.

"Wewe Mukongo, kwanza unapima kipimo. Halafu ndiyo unapima kitu."

Wenzangu walicheka mpaka saa ya chai. Nilikaa kwake miaka sita. Alinifundisha kwamba sensa ya joto ni kidude kidogo kinachotoa umeme mdogo sana, na joto likipanda, umeme nao unapanda. Unaukuza umeme huo kwa kichipu, unaulinganisha na kiwango unachotaka, kisha relei, yaani swichi inayojisukuma yenyewe, inawasha taa ya kupasha joto au inaizima. Kusoma michoro ya vitabuni sikuweza. Niliichora yangu nyuma ya kalenda, na ilifanya kazi.

Nikarudi Rubondo, mtaa wetu kule kambini, nikiwa fundi kamili. Mteja wangu mkubwa wa kwanza alikuwa Mama Neema, mjane wa kwetu Kivu, muuza samaki wakavu. Aliuza mbuzi wake wawili, akanunua mayai mia moja na ishirini ya kutotolesha, akataka mashine ya kuyaatamia. Vifaranga wasipotoka, hana mbuzi, hana kuku.

"Mama, lala usingizi," nikamwambia. "Joto litakaa thelathini na saba na nusu, halitasogea."

Sasa kipimajoto cha mashine kina skrubu mbili za kurekebishia, moja ya chini na moja ya juu. Bosi alikuwa akiilinganisha sensa na kipimajoto cha homa ndani ya maji ya vuguvugu. Mimi niliona huo ni uvivu wa wazee. Nilitia sensa kwenye barafu kutoka friji ya muuza soda, nikaweka sifuri. Nikaitia kwenye sufuria inayochemka, nikaweka mia. Nani asiyejua kwamba maji yakichemka ni mia?

Siku ya ishirini na moja, siku ya vifaranga kutoka, ikapita. Siku ya ishirini na mbili Mama Neema akaniita.

"Papa Fundi, mayai iko kimya."

"Angalia namba, Mama. Thelathini na saba na nusu. Mashine haina kosa."

Akaichomoa sensa, akaitia kwapani, akangoja. Thelathini na nane nukta sita.

"Una homa, Mama," nikasema. "Nenda upimwe."

Akaenda duka la dawa, akarudi na karatasi. Malaria hakuna. Akanikabidhi sensa. Nikaitia kwapani kwangu: thelathini na nane nukta sita.

"Haya, Papa. Siye bote tuko bagonjwa?"

Kesho yake asubuhi nilikuwa Kakiika na kipimajoto cha mashine mapajani, mayai nimeyaacha chini ya blanketi.

"Uliipima na nini?" akauliza Bosi.

"Maji ya kuchemka. Mia."

Alicheka hadi akavua miwani. "Mia ni ya huko baharini! Huku kwetu juu maji yanachemka mapema, tisini na tano hivi. Maharage ya Kabale, kule milimani, yanachelewa kuiva kwa nini, unafikiri?"

"Hata maji, Bosi?"

"Hata maji."

Basi nilishangaa, nakiri. Mayai yalikuwa yamelala kwenye baridi ya digrii karibu mbili, na mashine yangu ikiyaimbia kwamba yako sawa. Nilirekebisha skrubu ya juu, nikakimbia Rubondo. Vifaranga kumi na mmoja walitoka, wakiyumba kama walevi. Mengine yalikuwa yamekufa ndani ya ganda.

Mama Neema hakupiga kelele. Alisema tu, "Papa Fundi, ulinitengenezea friji nzuri."

Nilimlipa, na mzunguko uliofuata karibu wote walitoka. Baada ya hapo nilitengeneza mashine nyingi, mpaka watu wa mbali, huko Ngarama, walinijua, na hakuna iliyotoka mkononi mwangu kabla ya kulinganishwa na kipimajoto cha homa. Sasa macho yangu hayatofautishi tena mstari mwekundu na wa kahawia kwenye rezista, vile vidude vya umeme vinavyosomwa kwa rangi, nimeacha kazi. Mama Neema ana kuku hata nyuma ya kanisa, na akiniona bado ananiita Papa Malaria. Naitika.

Kwa hiyo msiniambie shule ni ghali. Mayai mia moja na tisa, elfu moja kila moja. Elfu tano za kupimwa malaria ambayo Mama Neema hakuwa nayo, na hizo alizidai kwanza, kabla ya mayai. Elfu nane za kipimajoto cha homa. Mimi nilisomea maji yanachemka digrii ngapi kwa shilingi laki moja na elfu ishirini na mbili.