Pistoni Yangu ya Sufuria

Mjomba Masanja, dereva bodaboda wa hapa Bariadi, namshukuru hadharani, maana kuniumbua hadharani ameshamaliza.

Niliyeyusha sufuria ya mama nikatengeneza pistoni inayofunguka vipande viwili, ili fundi aisafishe kirahisi. Jumamosi mjomba alipolala mchana, nikaifunga kwenye pikipiki yake, hiyohiyo inayotulisha sote. Jumatatu akanipeleka shule, injini imetulia kama maji ya mtungi. Getini nikamwita mwalimu wa fizikia.

“Sikiliza, mwalimu. Hapo ndani kuna ubunifu wangu.”

Wenzangu wakapiga makofi, nami nikawapungia mkono kama mgeni rasmi.

Mjomba akatoa mfukoni pistoni yangu, vipande vyote viwili.

“Mpwa wangu, hii niliing'oa jana kabla haijaua injini, nikarudisha ya zamani. Haya, mama yako anaulizia sufuria.”