Santuri za Baba Zilizoanikwa Juani

Sie tuliokulia Temeke wakati wa Mwingereza, tukikutana siku hizi mazungumzo ni yaleyale: michezo ya rede na kibe, mihogo ya kukaanga ya barabara ya Kilwa, viboko vya kuchelewa mstarini. Wenzangu wanacheka mpaka wanajifuta machozi. Mie nacheka nao, lakini akitokea wa kutaja muziki wa enzi zile, dansi na tarabu, nanyamaza. Nyumbani kwetu ulikuwepo muziki mwingine, na haukuishia pazuri.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na Jumapili ndiye aliyepiga piano kanisani. Alifundishwa na padri mmoja wa Kizungu huko kwao Masasi, tangu yuko mtoto wa bweni. Mama yangu alifariki mie bado nanyonya, basi bibi, mama yake baba, akafunga virago akaja mjini kunilea. Tukaishi watatu katika nyumba ya udongo na makuti, na jiko la nje lililoezekwa bati. Bibi hakujua kusoma wala hakujua Kizungu, ila alijua kwamba mwanawe ana mikono ambayo watu wengine hawana, na alijivuna nayo kila aendako.

Padri yule aliporudi kwao Ulaya alimwachia baba gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri chache, zote za piano tupu. Haimbi mtu, hailii ngoma. Jamani, majirani walituonea huruma! Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili, Mzaramo mwenyeji wa palepale, alikuwa akipita na ndoo yake anasimama uani kwetu anasikiliza, halafu anauliza, "Mwalimu, huyo anayepiga kafiwa na nani?" Baba anacheka tu. Alikuwa na mpigaji mmoja aliyempenda kuliko wote, mzee wa Kizungu asiye na haraka hata kidogo. Anagusa sauti moja, anaiacha mpaka inakaribia kufa, ndipo anagusa nyingine. Kulikuwa na mwingine mwenye vidole vya mbio, na santuri yake watoto wa mtaani tuliipenda kwa kuwa ilitufanya turukeruke, lakini baba aliiweka kwa nadra. "Huyu anataka tumwone," alikuwa akisema. "Yule mzee anataka tusikie."

Naye alipiga vivyo hivyo. Ibada ikiisha watu wako nje wanapiga soga, yeye kabaki ndani, kichwa kakiinamisha, anapiga taratibu huku akiguna chinichini kama anayebembeleza mtoto. Darasani alikuwa mkali, fimbo haimtoki mkononi, ila mbele ya piano alikuwa mtu mwenye haya. Mie nakaa sakafuni karibu na miguu yake, saruji inanipoza mapaja. Nilidhani kina baba wote wako hivyo.

Kisha akapita Mzungu mwenye mashine ya kunasia sauti, anazunguka nchi kukusanya nyimbo. Akanasa kwaya ya shule, na ilipobaki sahani moja tupu ya santuri akamwambia baba apige anachotaka. Baba akapiga kipande kile alichokipenda cha yule mzee. Sahani ikaja nyumbani, nyeusi, inang'aa, ikawekwa pamoja na nyingine kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Bibi alipoisikia mara ya kwanza alishika kifua. "We! Huyu si wewe mwanangu? Umeingiaje humo?" Tangu hapo kila jioni, tukishakula ugali wetu na dagaa, lazima apigiwe "ile ya mwanangu", ndipo akalale.

Haukupita muda mrefu, lori lililobeba kwaya likapinduka pale darajani Mtoni. Mungu alisaidia hakufa mtu, lakini mkono wa kulia wa baba ulibanwa. Ulipona ukiwa umekakamaa, vidole vimejikunja havifunguki. Chaki akajifunza kushika kwa kushoto. Piano hakuigusa tena, hata kuifuta vumbi. Upigaji wake wote ukawa umebaki kwenye ile sahani moja, na sote watatu tulilijua hilo bila kuambiana.

Masika yaliyofuata yalikuwa ya balaa. Kila kitu kilishika ukungu: viatu, mikeka, hata kanzu ya kanisani. Jua lilipotoka Temeke nzima ilitoa vitu nje, magodoro kwenye kuta, nguo kwenye nyua, kama tulivyofanya kila mwaka. Bibi naye akaanika. Alipofungua sanduku la santuri akakuta mabaka meupe, roho ikamuuma, akazitoa moja moja kwenye mifuko yake ya karatasi, akazifuta kwa upindo wa khanga, akazipanga juu ya bati la jiko. Zikashinda pale tangu asubuhi hadi alasiri. Mie nilikuwa shule. Akazirudisha sandukuni kwa uangalifu mkubwa, kwa macho yake ya uzee yasiyoona vizuri, akanifahamisha kwa furaha kwamba vitu vya baba yako nimeviokoa.

Jioni baba akavuta sanduku. Akatoa ya kwanza. Ilikuwa imejikunja kama papadi. Akatoa ya pili, ya tatu, kisha ile yake. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake mkekani, nikafungua mdomo, akanibana bega kwa mkono wake mzima.

"Nimekuanikia, mwanangu," bibi akasema kutoka mlangoni. "Zilikuwa zinaoza, maskini."

Baba akairudisha sahani yake kwenye mfuko wa karatasi.

"Ahsante, mama. Umefanya vizuri sana."

"Basi tupigie ile yako."

"Leo springi ya gramafoni imegoma, mama."

Kesho yake njiani akaniambia maneno machache tu: bibi yako asijue, akijua hatakula tena. Ndivyo uongo ulivyoanza nyumbani kwa mtu aliyetuchapa sie kwa uongo. Miaka ikaenda. Bibi anauliza, baba anasema springi. Jioni zikawa ndefu, tunakula, tunasikiliza gramafoni ya jirani wa mbali ikipiga dansi, bibi anasonya. Macho yalizidi kumfifia, na kitu pekee alichokuwa akikitaka ni kumsikia mwanawe.

Siku moja tukarudi tukamkuta kamwita fundi, mwenyewe, bila kumshauri mtu. Fundi kaketi uani, gramafoni kaifungua matumbo, uso umejaa mshangao. "Mwalimu," akaanza, "mbona hii springi…" Baba akamkazia macho. Sijapata kuona macho yale tena, mtu mzima anayemsihi mtu mzima mwenzake. Fundi akamtazama, akamtazama bibi, akakohoa. "Hii springi haitengenezeki, mama. Na nyingine hazipatikani siku hizi."

Bibi akaitikia kwa kichwa. "Basi. Mungu kapenda tukae kimya," akasema, akaenda kukoleza moto. Baba akaingia ndani, akalala bila kula.

Bibi alikufa kipupwe, kwa homa. Nyie mnajua desturi ya msiba kwetu, Mkristo kwa Mwislamu: hapigi mtu muziki, hata mtaa wa pili gramafoni inafunikwa. Watu bado wamelala matanga, kinamama wako uani wanachambua mchele, mchana kweupe, mara tukasikia baba anazungusha mkono wa gramafoni.

Ikatoka sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Piano inapanda, inazama, inavutika, inayumba kama mlevi, sindano inaruka na kurudi. Kinamama wakaacha mchele. Bi Mwanaidi akaingia ndani kwa hasira. "Mwalimu! Mama yako hata arobaini bado! Umerukwa na akili?"

Baba alikuwa kachuchumaa mbele ya mashine, mkono mbovu kaupakata. "Nisamehe, Bi Mwanaidi," akasema. "Nilikuwa nangoja asiweze kusikia."

Bi Mwanaidi hakuelewa. Mie nilielewa, nikalia kuliko nilivyolia makaburini. Iliposimama, baba akaitoa ile sahani yake akajaribu kuinyoosha kwa kiganja, ikavunjika mikononi mwake. Hakuzungusha tena mashine ile mpaka naye tukamzika.

Wajukuu zangu wana muziki wa dunia nzima mfukoni, na wimbo mmoja hawaumalizi. Haujafika katikati kidole kishausogeza. Juzi kulikuwa na msiba nyumba ya tatu na spika za vijana zilitikisa vikombe kabatini kwangu. Ukisema unaambiwa, bibi, maisha yanaendelea. Haya, yaendelee. Mmoja wao, mwenye huruma, kaniambia siku hizi kompyuta inaweza kunyoosha sauti iliyopinda. Inyooshe nini, mjukuu wangu, nami sina hata kipande?

Tena kinachoniuma si sahani. Ile ya msibani ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia baba akipiga, na hiyo ndiyo iliyonibaki masikioni. Nafumba macho niutafute upigaji wake wa Jumapili, ule wa taratibu, hauji. Unakuja huu unaoyumba. Miaka yote hii namsikia baba yangu akikosea, na baba yangu hakuwa akikosea.