Kokoto Zenye Kona

Macho ya baba yalipokwisha kabisa, alikaa kwenye kiti chake cha barazani na akakataa kuinuka. Si kwamba miguu ilimuuma. Alisema tu kwamba hataki kuongozwa kama mbuzi ndani ya kihamba chake mwenyewe, kati ya migomba na kahawa alizozipanda kwa mikono yake. Daktari mjini alituambia bila kuzungukazunguka: miguu isipotumika itakufa, na miguu ikifa, mzee naye hatakaa sana. Mama alimbembeleza. Mimi, nisiye na subira hata ya kungojea chai ipoe, nilimfokea. Baba alitusikiliza wote wawili kwa adabu, akabaki kitini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Moshi, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni kutengeneza zana za kufundishia: volkano ya udongo, moyo wa maboksi. Siku moja sokoni kwenye mitumba nikakuta boksi la reli za kuchezea, za chuma kabisa, na mataruma yake ya plastiki, vile vipande vya kulalia reli. Treni yenyewe haikuwamo. Nikasimama pale nimelikumbatia. Baba alikuwa mtu wa gengi la reli, akitengeneza njia kati ya Moshi na Kahe, na kila asubuhi aliikagua kwa miguu, nyundo begani. Nikajiambia nitamjengea kipande cha njia yake, akishike, labda moyo utamwamka. Sikuwa na mpango mwingine.

Nikapata ubao mpana, nikazibandika reli, nikazipinda kidogo. Lakini reli tupu juu ya ubao ilikuwa kama ngazi iliyoangushwa. Ilikosa kokoto. Kwenye simu niliona wazee wa nchi za mbali wanaojenga reli za kuchezea wanavyofanya: unamwaga vijiwe kati ya mataruma, unavisawazisha kwa brashi, unanyunyizia maji yenye tone la sabuni, kisha unadondosha gundi nyeupe iliyozimuliwa. Wao vijiwe wananunua kwenye pakiti. Mimi nilipanda nyumbani mlimani, nikaingia jikoni kwa mama, nikaona ndoo ya ulezi wake wa kupikia pombe ya mbege. Punje ndogo, za kahawia iliyoelekea wekundu, rangi ileile ya kokoto zilizolowa kutu. Nikaona Mungu amenikumbuka. Nikachota bakuli mbili bila kuomba.

Nilishinda Jumamosi nzima nimeinama, kijiko mkono mmoja, bomba la sindano mkono wa pili. Ilipendeza mpaka nikacheka peke yangu. Nikaifunika kwa nailoni kuku wasidonoe, nikateremka mjini.

Jumamosi iliyofuata nilifunua nailoni, na reli yangu ilikuwa imeota. Gundi haikufika kila mahali, na pale ilipokosekana ulezi ulikuwa umechipua, vijani vyembamba vimesimama wima kati ya mataruma.

Mama alishika kiuno. "Yesu wangu! Ulezi wangu unauotesha kwenye mbao?"

"Mama, nilidhani..."

"Na wewe ndiye mwalimu!"

Baba akauliza kuna nini huko. Nikambebea ubao, nikauweka magotini pake, nimejaa aibu. Akapitisha kidole taratibu.

"Njia imeota majani," akasema. "Gengi liko wapi?" Kisha akaibandua punje moja, akaiviringisha kati ya vidole, akanigeukia mimi bintiye, ambaye huniita mama. "Mama, hii siyo kokoto. Hii ni ya mviringo. Kokoto ya mviringo inateleza, treni ikipita mara mbili mataruma yanahama. Kokoto lazima iwe na kona, ishikane na mwenzake."

Tangu masika hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo mmoja.

Nikang'oa yote. Safari hii nilikwenda kwa akina mama wanaoponda mawe, nikaomba yale masalia ya chini kabisa, jiwe jeusi la mlima huu. Nikayaosha, nikayachekecha kwa chujio la chai. Kila nilichokileta baba alikipokea kiganjani. "Kubwa hizi." "Hili ni vumbi, litashika maji." Mara ya nne akafunga kiganja, akatikisa kichwa kukubali.

Nami nikazitazama zile chembe juani. Sikutegemea nilichokiona. Kila moja ilikuwa jiwe kamili, na pande zake na kona zake. Mlima ulikuwa umepondwa mpaka ukaenea kwenye kijiko, na bado ulikuwa mlima. Nimezaliwa ubavuni mwa Kilimanjaro, nimeuona ukifunguka asubuhi na kujifunika mchana siku zote za maisha yangu, lakini sijawahi kushikwa na hofu ya heshima kama siku ile, nikiwa na kijiko mkononi.

Tukazilaza pamoja, yeye akiamuru kwa vidole. "Usifunike taruma. Acha bega la kokoto pembeni. Hapa kwenye kona, upande wa nje, ongeza." Nikaongeza.

Jumapili, baada ya Misa, gundi ilikuwa imekauka. Nikamwekea ubao magotini. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya kokoto. "Stesheni tumeiacha," akasema. "Sasa njia inapinda kuuacha mji." Kikafika ukingoni mwa ubao, kikasimama. Nikajilaumu kwa kuukata mfupi.

Baba akaniwekea ubao mikononi. Akashika mikono ya kiti, akainuka.

Nikaruka kumshika. "Niache," akasema. "Njoo nyuma yangu."

Akashuka baraza, akaingia uani. Hatua zake zilikuwa fupi na sawa kwa sawa, za mtu anayekanyaga taruma baada ya taruma. "Hapa ni daraja dogo, usitazame chini. Kushoto huko ni mifereji na mpunga wa watu." Akapita kati ya migomba bila kugusa hata jani. Mama alitoka jikoni na mwiko wake, akasimama kututazama. Miaka yote nilidhani baba aliifanyia kazi reli ile. Sikujua alikuwa ameibeba nzima.

Ghafla akasimama, akanyoosha mkono, akanisogeza pembeni kwenye kahawa.

"Toka njiani, mama. Inakuja."

Akili zake zilikuwa timamu. Alikuwa anatabasamu, ananifundisha kazi. Nikasimama kando yake, ubao kifuani, mimi nisiyejua kusubiri. Nikasubiri. Akageuza uso polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, mpaka behewa la mwisho.

"Haya, imepita," akasema, akanishika mkono. "Twende. Kahe bado mbali."