Kidole Gumba cha Mpiga Chapa

Mpiga chapa wa zamani alikuwa na kidole gumba kisicho na haraka. Vidole vingine vilikimbilia herufi kama kuku waliomwagiwa mtama, lakini akishaweka nukta, kidole gumba kiligonga kibonye kirefu cha nafasi mara mbili, taratibu, miwani ikimteremka puani. Mpanga kurasa wa meza ya pili aliwahi kumuuliza nafasi mbili za nini. "Mwache msomaji ameze mate, mwanangu," akajibu, akaendelea. Hata taipu zilipoondolewa zikaja kompyuta, kidole hakikubadili mwendo.

Sasa meza ya mzee yule imewekwa printa, na mteja amesimama kaunta jasho likimtoka: kitabu cha ukoo wao kinaingia mtamboni mchana, na shangazi yake amesahaulika kwenye shukrani. Ili apate mahali pa shukrani, mpanga kurasa akaandika kwenye kisanduku cha kutafutia: "Asante mama. Umetulea." Haipo. Akarudia. Haipo. "Dada, nimeisoma kwa macho yangu," mteja akalalamika. Hapo mpanga kurasa akakumbuka ni nani aliyekichapa kitabu hicho kabla ya kustaafu. Kwa kompyuta, nafasi moja si mbili. Akaongeza ya pili baada ya nukta, na maneno yakawaka njano. Kisha, bila kuombwa, akatafuta nafasi mbili peke yake. Ukurasa ukajaa vidoa vya njano, kila mahali kile kidole kilipopumzika.

"Si uzifute zote?" mteja akauliza.

Mpanga kurasa aliandika jina la shangazi, akaweka nukta, na kidole gumba chake kikashuka mara mbili.