Mshono wa Bibi Khorloo

Hakuna dereva wa makaa ya mawe katika barabara yetu ya kusini ambaye hakuwahi kutukanwa na Bibi Khorloo. Hema lake la sufi lilikuwa kando ya barabara, kilomita nane kabla ya mpaka, na humo aliuza chai ya maziwa yenye chumvi na supu ya kondoo. Ukiingia na koti lililochanika, alikuvua hapo hapo.

"Mkeo amekufa, au amekuchoka tu?"

Kisha alishona, mishono miwili mifupi na mmoja mrefu, miwili mifupi na mmoja mrefu, kwa uzi wa manyoya ya ngamia. Mimi hubeba abiria kwa kijigari changu, wala si dereva wa lori, lakini hakunibagua. Koti langu lina mshono huo kwapani hadi leo.

Kushona alifundishwa na woga. Utotoni mwake dini ilikuwa marufuku, na baba yake alishonea picha takatifu ndani ya tandiko la ngamia. Wakaguzi walikuja, wakalikalia tandiko, wakanywa chai, wakaenda zao. "Makalio yao yalibarikiwa bila wao kujua!" alipenda kusema, akicheka mpaka akohoe. Jambo moja lilimkaa tangu siku hizo: mkaguzi akiuliza, wewe huna ulimi.

Majira ya baridi yale lama mkuu, kiongozi wa dini yetu anayeishi uhamishoni, alikuja mji mkuu wetu. Majirani wa kusini, ambao kwao hata picha yake ni marufuku, walikuwa wameonya kwamba tukimpokea tutajuta. Waziri mkuu wetu akampokea, akanywa naye chai mbele ya kamera. Sisi tulilia kwa furaha, sitaki kusema uongo. Bibi Khorloo alipanda basi siku nzima, akasimama kwenye baridi ya kugandisha kope, akarudi na picha ya lama inayoenea kiganjani.

Siku ya tatu lango la mpaka likafungwa kwa malori. "Mashine zinakaguliwa," ndivyo tulivyoambiwa, na kila mtu akajua ni mashine gani. Foleni ilifika hemani kwa bibi, ikalipita. Mwanawe, Dashnyam, alikuwa amekwama katikati yake na tani zake za makaa.

Wagonjwa wenye barua ya hospitali bado walipita. Na Temuulen, mtoto wa Dashnyam, alikuwa na barua. Alikuwa na miaka mitano na tundu kwenye moyo, midomo yake ya zambarau kama aliyekula matunda ya porini. Upasuaji ng'ambo ulipangwa Alhamisi. Daktari wetu alikuwa amesema bila hiyo Alhamisi mtoto hatauona mwezi ujao.

Niliwapeleka mimi: mtoto, mama yake Oyuna, na Bibi Khorloo aliyeng'ang'ania kuwasindikiza hadi mpakani.

"Mjomba Purev," mtoto aliniuliza njiani, "wakinifungua kifua, farasi wangu atatoka?" Mapigo ya moyo wake aliyaita farasi.

"Atoke aende wapi na baridi hii?" nikamjibu. Akacheka kidogo, akachoka.

Niliwabebea mizigo hadi ukumbi wa ukaguzi. Askari wa kike wa ng'ambo alipapasa joho la mtoto, akasita kwenye pindo. Akachukua mkasi. Picha ya lama ikaanguka sakafuni.

"Nani ameshona hii?"

Niliutazama uzi uliokatika. Miwili mifupi, mmoja mrefu.

Bibi Khorloo aliangalia ukutani. Oyuna akamtazama mkwewe, akaona wanavyoweza kumweka ndani mzee yule, akasema, "Mimi."

"Aliyeshona havuki," akasema askari, akafuta jina la Oyuna kwenye barua. Jina la mkubwa lililokuwemo lilikuwa hilo tu. Bila yeye, mtoto naye hakuvuka.

Bibi angesema wakati ule, Oyuna na mtoto wangepita. Hata mimi ningeweza kusema. Nilifikiria vibali vyangu, gari langu, nikafyata ulimi. Ninalisema leo na ninaona haya.

Temuulen alifariki siku nane baadaye, hemani, malori yakiwa yamesimama nje. Siku nne tena zikapita, waziri mkuu wetu akatangaza kwamba lama hataalikwa tena. Lango likafunguliwa. Madereva walipiga honi barabara nzima, na Oyuna akaziba masikio.

Watu walimnunia Oyuna. Walikuja kunywa chai, wakampa mgongo. Dua za siku ya arobaini na tisa zilipokwisha, Dashnyam akamwambia mkewe arudi kwao. "Siwezi kuutazama uso uliomuua mwanangu," akasema mbele ya watu, nami nikaitwa kumchukua.

Nilipowasha gari, Bibi Khorloo alitoka na ndoo ya maziwa na upawa, amnyunyizie msafiri apate njia njema, kama desturi. Maziwa yaliganda kwenye tairi. Mara akauangusha upawa.

"Nilishona mimi! Dashnyam, usimfukuze. Ni mimi."

Dashnyam hakuinua kichwa.

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Nimevaa mishono yako tangu nizaliwe. Kila mtu hapa anajua."

Madereva waliosimama mlangoni walitazama vikombe vyao.

"Sasa mbona unamfukuza yeye?"

"Kwa sababu wewe siwezi kukufukuza."

Oyuna aliyasikia yote, dirisha lilikuwa wazi. Alishuka, akauokota upawa, akaufuta theluji kwa mkono wa joho lake, akamrudishia bibi.

"Ingia ndani, mama. Baridi hii itakuua."

Kisha akarudi garini na kuniambia niendeshe.