Gunia la Karanga la Mama Eliza

Niliporudi kijijini kwetu Ulemo, watu walisema sitafundisha bondia hata mmoja bila vifaa vya dukani. Mimi? Nikaazima tairi kwa fundi, kamba kwa mfugaji, na gunia la karanga zenye maganda kwa jirani yangu, Mama Eliza. “Nitalirudisha kama lilivyo,” nikamwambia. Tukalitundika, vijana wakalipiga ngumi mwezi mzima, na wawili wakashinda mjini Singida!

Mvua zilipokaribia nikarudisha vyote kwa mbwembwe, watu wakitazama. Mama Eliza akafungua gunia. Karanga zote zilikuwa vipande vipande.

“Mwanangu, hizi zilikuwa mbegu. Sasa nipande nini?”

Nikaahidi kumnunulia nyingine kesho yake.

“Na hiyo diploma unayotutambia kila siku, ni ya nini vile?”

Mabondia wangu wote wakanigeukia.

“Ya kilimo, mama.”